Gari la Viti Viwili na Mama Mkwe

Kosa langu lilikuwa moja tu, na ni la kijinga: nilikataa kuazima Probox ya jirani. Mengine yote yaliyofuata, pamoja na ng'ombe, yalitokana na hilo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu mimi, kutoka Busia kufika hapo Bumala ni safari, na nikilala kitanda kisicho changu mgongo unanuna. Mtu kama huyo ndiye aliyenunua gari la michezo la zamani, jekundu, milango miwili, injini ndefu kuliko mahali pa kukaa, kutoka kwa ajenti mmoja wa forodha kule Malaba aliyekuwa anahama. (Aliniuzia huku anacheka, nikadhani ni ukarimu.) Siku lilipofika, jirani yangu Mama Nafula alilizunguka polepole akauliza watu wengine wanakaa wapi. Nikamjibu kwamba hili si la watu wengine. Basi kila Jumamosi nilikuwa naliwasha, vioo vya madirisha vinatetemeka, kuku wake wanakimbilia mihogo, nasikiliza kidogo, nalizima, naingia ndani kunywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa matumizi yake yote, na tulikuwa tunaelewana.

Kisha shemeji yangu, kitindamimba wa kwao, akapata mchumba, na harusi ikawa Amagoro. Baba mkwe alishafariki, kwa hivyo mama mkwe ndiye angemkabidhi binti mlangoni mwa kanisa, na kazi yangu ilikuwa kumfikisha hapo. Mke wangu alitangulia kwenda kupika, akaniachia maagizo nichukue Probox ya mume wa Mama Nafula, mama akae nyuma kabisa, mimi mbele, na heshima ikae katikati. Maana sisi Wasamia na wakwe zetu Wateso tunabishana kwa mengi, lakini kwa hili tuko pamoja: mkwe hamgusi mama mkwe, hakai naye bega kwa bega, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. (Miaka yote niliyooa, mama huyo namjua zaidi kwa mgongo.)

Asubuhi Mama Nafula akaniletea funguo za Probox mwenyewe. Nikamwambia asante, leo naenda na langu. Nilikuwa nimewaza namna nitakavyoingia uwanja wa kanisa na watu watakavyogeuka. Viti sikuwaza. Nilifika mpaka kwa wakwe, nikazima injini, ndipo nikamwona mama mkwe kwenye mlango ndani ya gauni jipya la gomesi, mabega yamesimama wima, mwanamke wa mwili na wa heshima, na boma lote tupu kwa sababu wengine walishakwenda, hata boda boda zilikuwa zimefungwa maputo zikaenda kuwa msafara.

"Baba Tabitha," akasema, akiutazama mpapai, "gari liko wapi?"

Nikalionyesha, mimi nikitazama paa la jiko.

"Hiyo ni mbele. Nyuma yake iko wapi?"

Wakati huo huo mke wangu akapiga simu kwamba pasta ana harusi nyingine Malaba mchana, na bibi harusi amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, anasema bila mama haingii. Mama mkwe akasikia. Akaingia ndani, akatoka na leso, akaingia garini kwa namna ambayo sikuitazama, akafunga upande mmoja wa leso kwenye kioo cha kati na mwingine nyuma ya viti, ikawa kama pazia la wodi. Tukaondoka hivyo, yeye kwake, mimi kwangu.

Shida ilikuwa gia. Gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa abiria, na nilipoweka ya kwanza kiwiko kiliigusa leso, na leso ikamgusa goti, na nyuma ya pazia nikasikia kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Nikaamua (huu ndio uamuzi ambao hata mekanika wa baadaye alinitaka niusimulie mara ya pili, akidhani hakusikia vizuri) kwamba kuanzia hapo nitaendesha kwa gia ya tatu tu, iwe kuondoka, iwe kusimama, iwe kilima.

Tulipotokea barabara kuu, trela zilikuwa zimepanga foleni ya mpakani, na nyingine zimechoka kupanga zikaziba na upande wetu. Tunasimama, tunaondoka, tunasimama, kila mara kwa gia ya tatu, injini inalia mpaka watu wanatoka hotelini na chapati mkononi, na sisi tunasogea kama konokono. Harufu ilianza. Dereva mmoja wa trela akachungulia kutoka juu.

"Boss, hapo ndani mnachoma nini?"

Ilikuwa klachi. Ilikufa hapo hapo, moshi ukaingia mpaka ndani ya pazia, na mama mkwe akaanza kuomba kwa Kiteso. Kanisa lilikuwa linaonekana, paa lake la bluu chini ya mteremko wa barabara ya murram, lakini viatu vyake vilikuwa vya harusi na kiti kilikuwa chini mno kwake kuinuka peke yake, na mimi sikuwa mtu wa kumpa mkono. Akapita mzee mmoja kutoka kulima na ng'ombe wake wawili. Hakuuliza maswali. Alifunga mnyororo wa jembe chini ya bampa, akawachapa, na gari lenye nguvu kuliko yote Busia likashuka kwenda kanisani nyuma ya mikia miwili, madereva wa trela wakirekodi kwa simu.

Watu waligeuka kama nilivyotaka. Mlango wake ukafunguliwa, na mkono wa mama mkwe ukatoka, ukasubiri mtu wa kuuvuta. Mtu wa karibu nilikuwa mimi. Mbele ya kanisa zima nikaweka mikono yangu mfukoni. Bibi harusi akanyanyuka kwenye kiti cha plastiki, akakunja gauni, akamvuta mama yake yeye mwenyewe pamoja na shangazi zake, wakaingia ndani wakishikana, na pasta akaanza kabla hawajafika mbele.

Wazee walisema: nipeleke kondoo wa kusafisha, kwa sababu pazia au hakuna pazia, bega ni bega. Nimepeleka. Na nimeapa kwamba gari hilo halitabeba tena mtu yeyote wa ukoo wowote. Nitaliwasha Jumamosi, nitalisikiliza, nitalizima.

Siku ile lilirudi Busia juu ya lori la mchanga. Mama Nafula alisimama langoni, funguo za Probox bado mkononi, akatazama vijana wakilishusha kwa mbao.

"Baba Tabitha," akasema, "gari ni kitu cha kubeba watu. Hicho chako kinabebwa."