Zulia Langu la Kwanza

Niliporudi Malindi na diploma yangu ya Maskati, niliyoipata kwa jasho langu, nilitangaza kuwa kufuma hakutanishinda. Nikajiundia kitanda cha kufumia ukumbini. Nyuzi zilipopungua, nilichukua kitambaa cheupe sandukuni mwa mama, nikakichana vipande vyembamba, nikafuma zulia la mlangoni. Lilipinda kama mlevi, lakini nililikanyaga kwa viatu vyangu vya ngozi, kwa maringo.

"Bi Mkubwa, njoo uone kazi ya msomi!"

Mama aliinama, akalinusa.

"Kitambaa hichi umekitoa wapi?"

"Sandukuni. Si kilikaa tu?"

"Sanda yangu hii, mwanangu. Nimeichovya Zamzam mwenyewe, Makka. Lakini utajuaje? Nimekwenda Hija, nimerudi, wewe hukuwapo."

Viatu vyangu vilikuwa bado juu yake.