Mwosha Maoni

Karani anayepokea maoni yetu kuhusu mpango wa kubomoa mtaa na kujenga maghorofa ana vidole vyembamba na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Kila mmoja wetu humwaga hasira yake mezani pake, naye hukohoa kidogo, hulamba kidole, kisha huiosha ile hasira mpaka itakate. Fundi viatu alifoka, "Hayo maghorofa wakayajenge vichwani mwao!" Karani akaandika huku akisoma taratibu, "Mkazi anapendekeza eneo mbadala." Mimi nilisema aliyechora ile ramani alikuwa amelewa chakari. Nikasomewa, "Mkazi anaomba ramani ipitiwe upya." Ukitoka pale unajiona msomi.

Jana aliingia mama mkwe wake. Karani aliruka kitini, akafuta kiti cha wageni kwa mkono wa shati lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi na mpango wenu wala sina neno," alisema mama yule, akijipepea kwa ncha ya mtandio. "Wabomoe tu. Nimeshafungasha. Nakuja kukaa kwako."

Karani alikohoa, akalamba kidole, akakosa cha kuosha. Kisha akaiinamia karatasi, kalamu ikikwaruza kama inachimba msingi, na foleni nzima tukamsikia akisoma kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo: "Mkazi anasema, hayo maghorofa wakayajenge vichwani mwao!"