Hawe na Bi Ukungu

Juzi nilikuwa saluni moja pale Mtwapa nikingoja zamu yangu ya kusukwa, mara harufu ya piko ikanijia. Msichana alikuwa akiikoroga kwenye kibakuli cha plastiki, ampake mama mmoja mtu mzima nywele zirudi nyeusi, na ile harufu kali inayokwaruza koo na kuyaliza macho ikanitoa pale kitini. Wenzangu walikuwa wakipiga soga za harusi. Kwangu mimi piko haikuwa kamwe harufu ya urembo. Ni harufu ya hofu, ingawa ilinichukua miaka mingi kulijua hilo.

Nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama tunamwita hawe, aliishi nje kidogo ya Vitengeni. Sisi tulikaa Malindi, ambako baba alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Mimi ndimi niliyepewa jina lake, Kadzo, kwa hivyo tulikuwa somo, na somo hutaniana. Kila likizo ya Agosti nilipelekwa kwake na mkoba wa nguo, sukari, na paketi za piko ambazo aliziagiza kwa msisitizo kuliko dawa yake ya kifua. Sukari ikisahauliwa, alicheka. Piko ikisahauliwa, alikosa usingizi. Mama yangu husema watu wazima nao wana mambo yao. "Mama mkwe ana mchumba huko," alikuwa akinitania, nami nikaamini kabisa, nikawa namtazama kila mzee apitaye njiani na kumkadiria kama anafaa kuwa babu yangu.

Likizo ninayowasimulia nilikuwa darasa la sita, na mkobani nilikuwa na riwaya nene niliyoazimwa na rafiki yangu wa shule. Ilikuwa hadithi ya mji wenye kuta za chumvi. Mlikuwa na waziri aliyejigeuza mjusi, na kijana shujaa aitwaye Sururu, mwenye upanga unaoimba. Na mlikuwa na kizee kimoja, Bi Ukungu, mwenye nywele nyeupe hadi kiunoni, aliyeishi peke yake kilimani na kuita ukungu kwa kupuliza kiganja chake. Mimi nilimpenda Sururu. Nilikuwa tayari kuolewa naye, yeye na upanga wake na kelele zake zote.

Hawe hakujua kusoma, lakini kusikiliza alijua. Alasiri tuliketi jikoni mwake, moshi ukitafuta njia kwenye makuti, yeye akipukuchua mahindi na mimi nikisoma kwa sauti. Uchawi wa kitabuni haukumshtua hata kidogo. Waziri alipogeuka mjusi, Hawe alisema afadhali yake, mjusi hana wa kumrithi. Upanga wa Sururu aliudharau waziwazi. "Panga linaloimba ni la ngomani," alisema. "Panga baya ni lile lililo kimya."

Aliyemshughulisha ni Bi Ukungu. Kila nilipofika kwake, mikono ya Hawe ilisimama juu ya gunzi.

"Hana mtoto huyo?"

"Kitabu hakijasema, Hawe."

"Na hicho kilima ni cha nani?"

"Ni chake."

"Ehee," akasema, akaendelea na mahindi. "Na nywele zenyewe anaziacha wazi. Mjinga huyo, somo. Mwambie ajifunge leso."

Nilicheka sana. Nilimweleza kwamba kitabu kimekwisha kuandikwa na mtu hawezi kumwambia kitu aliye ndani. Wakati huo sikujua lile ambalo kila mtu mzima wa huko alilijua, kwamba mvi zinaweza kukuua. Mtoto akifa kwa homa, ng'ombe akianguka malishoni, pikipiki ikigonga mti, watu huanza kutazama vichwa vya wazee wao. Wakishatazama huulizana nani mchawi. Na mara nyingi anayetangulia kunyoosha kidole ndiye atakayebaki na shamba. Wazee wetu walipakwa matope na wana wao wenyewe, na wengine waliokotwa vichakani. Chini ya ile piko Hawe alikuwa na mvi kichwa kizima, na alikuwa na shamba zuri la mikorosho.

Sasa niwajulishe ami yangu Katana. Baba yangu ndiye kifungua mimba wa Hawe, Katana ndiye kitinda mimba, na alijenga hatua chache tu kutoka kwa mama yake. Alikuwa mpole kuliko watu wote niliowajua. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu hadi koo likamkauka. Katika mvua za masika mwaka ule mtoto wake mchanga alikufa kwa homa. Alipomzika, alikwenda kwa mganga mmoja huko mbele ya Bamba. Hakuna aliyejua aliambiwa nini. Alirudi akiwa mpole zaidi.

Mimi niliyaona mambo bila kuyaunganisha. Mke wa ami aliacha kuwatuma watoto kuomba kaa la moto kwa Hawe, hata jiko lake likizimika. Binamu zangu waliacha kula korosho tulizochoma. Nilipomuuliza mmoja kwa nini, alitazama chini na kusema tumbo linamuuma, na siku ya pili tumbo likawa linamuuma vilevile. Kisha ami akaja kumwomba Hawe mbwa wake. Nyani wanamaliza mahindi, alisema, atamrudisha mavuno yakiisha. Hawe akampa. Baada ya hapo akaja kuuondoa mlango wa nyumba ya Hawe, kwa kuwa mchwa walikuwa wameula chini, akaufunga kwenye baiskeli apeleke kwa seremala sokoni. Akatundika gunia mahali pake, akalikaza vizuri kwa misumari ili upepo usitusumbue. Hawe akamwambia ahsante, mwanangu.

Tangu siku hiyo Hawe alianza tabia mpya. Yeyote aliyepita alimwita jikoni, akamkaribisha kigoda, akaniamuru nisome pale Bi Ukungu anapoingia. Kitabuni watoto wa mji walikuwa wameanza kuugua, na watu walikuwa wakisema ni ule ukungu wa kilimani. Sururu alikuwa ametumwa akammalize. Nikishasoma, Hawe alimgeukia mgeni na kuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Wewe unamwonaje huyu kizee?"

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia mbuzi, alisema achomwe moto na kilima chake chote. Hawe alicheka hadi akakohoa. Kijana wa kuchota maji alisema Bi Ukungu ni mchawi wazi na huyo Sururu anachelewa nini. Hawe alimpa muhogo wa kuchoma. Nilianza kukasirika kidogo, kwa sababu hatukuwa tunasonga mbele. Nilitaka kujua mwisho, naye alitaka ukurasa uleule.

Ami Katana alikuja jioni moja kabla jua halijazama. Akaamkia, "Mayo, shikamoo," maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama, akaketi, akachukua gunzi akawa anapukuchua pamoja naye. Nikasoma. Safari hii nilisoma kwa madaha yote niliyokuwa nayo: Sururu anapanda kilima, nyumba ya kizee haina taa, upanga umeacha kuimba. Nilipotua, Hawe aliuliza swali lake.

 Ami alizipuliza punje kiganjani, makapi yakaruka.

"Mimi namhurumia," alisema. "Amechoka, mayo. Mtu akifika hapo, kumpumzisha ni huruma."

Alisema kwa upole uleule wa kunishikia baiskeli. Mimi niliona ni jibu zuri kuliko yote tuliyoyapata, nikamtabasamia. Hawe aliendelea na mahindi. Alimwuliza kuhusu mlango, akaambiwa seremala ni mgonjwa. Akamwuliza kuhusu mbwa, akaambiwa yupo, hajambo. Ami alipoinuka kuaga, Hawe aliinuka naye, akamsindikiza hadi ukingoni mwa uwanja, na pale akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili kama anayempima joto, akakaa hivyo kitambo.

Aliporudi aliniambia nikusanye nguo. Macho yake yalikuwa yanamsumbua, alisema, lazima aonwe na daktari Malindi. Kulikuwa na lori la mkaa lililokuwa likipakia dukani. Tulipita mashambani, si njiani, na giza lilipoingia tulikuwa juu ya magunia, yeye amenikumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikaniuma. Mfukoni mwake hakuwa na kitu ila ufunguo wa mlango ambao haukuwapo.

Daktari hakuona hitilafu yoyote machoni. Hawe aliweza kutia uzi kwenye sindano upesi kuliko mama yangu. Hata hivyo hakurudi Vitengeni, na baba alipouliza, alijibu macho bado, macho bado, hadi swali likazeeka. Kitabu nilikimaliza peke yangu. Sururu aliingia kwa Bi Ukungu akapewa uji, akafahamu kwamba ule ukungu ndio uliokuwa ukiuficha mji usionwe na maadui, na mfalme akamketisha kizee mkono wake wa kulia. Nilikimbia kumpa Hawe habari hizo njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Aliyeandika hicho," akasema, "kwao hakuna shamba."

Ami Katana alikuwa akija kututembelea kila baada ya mavuno, na kuku mikononi na mahindi. Hawe alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwuliza kila mtoto kwa jina, akamlisha. Usiku hakukubali alale kwetu. Alimtafutia udhuru wa heshima, na ami alikwenda kulala kwa rafiki zake mtaani Shella bila kunung'unika.

Nilikuwa mtu mzima, na Hawe amebaki mfupi na mwepesi kitandani, nilipothubutu kumwuliza kama siku ile alimwogopa ami.

"Kufa sikuogopa, somo. Wazee hufa," alisema. "Niliogopa kupambazuke awe ameniua. Yule nimemnyonyesha. Angekaa wapi na jambo hilo?" Kisha akaniapisha nisimwambie baba, na baba alikufa bila kujua.

Siwezi kuapa kwamba ami alikuwa na nia ile. Nyani walikuwapo kweli. Mchwa walikuwapo, niliwaona kwa macho yangu. Labda alimhurumia tu kizee wa kitabuni, na mama yake akapoteza nyumba kwa maneno ya mtu aliyeburudika na hadithi. Hilo hunikosesha raha mpaka leo. Ninachojua ni kwamba ami Katana sasa ni mzee wa kanisa, watu humwendea na ugomvi wao, naye hajamwua mtu. Siku ya kumzika Hawe alilia hadi wanaume wakamshika. Kwa miaka mingi niliamini kwamba usiku ule, juu ya lori la mkaa, Hawe alikuwa akiikimbiza roho yake. Zilikuwa roho mbili, yake na ya mwanawe, na ya kwake aliiweka ya pili.