Mtori wa Mwanamke wa Kwenye Sinema

Enzi za Mwingereza, gari la sinema lilifika kwetu Akheri na picha ya familia moja: mwanamke anashauriwa atoe mimba, anakataa, na mtoto anakuja kuwa furaha ya nyumba nzima. Mama yangu aliipigania picha ile kuliko wanawake wote wa kanisani. Alitoa shuka lake jeupe litundikwe ukutani, akapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu. Kile kichanga kilipolia kwenye shuka, mama naye alilia.

Asubuhi akapika mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, chakula ambacho kwetu mwanamke aliyejifungua hanyimwi. Akampelekea bwana wa sinema ili amfikishie yule mwanamke. Bwana yule alicheka mpaka akauegemea mlango wa gari, akamrudishia sufuria yake na mtori wake. Mimi sikucheka. Mama alikuwa na nia njema kabisa, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Maana nyuma ya nyumba yetu, kwenye banda la mbuzi, dada yangu alikuwa amelala na kichanga chake. Shangazi alikuwa amemletea dawa ya kutoa mimba, dada akaimwaga. Baba akamfukuza atoke ndani ya nyumba. Tangu ajifungue alikuwa akila viporo.

Mama aliporudi na ile sufuria nilimwambia, "Mama, basi tumpe dada."

"Yule wa kwenye sinema ana mume," akanijibu, akammwagia mbwa.