Wimbo Uliotangulia Ndoto

Katika kanisa la Wakongo linalokodi ukumbi wa parokia pale Edmonton, London, wimbo mpya hautungwi, hupokewa. Aliyeupokea husimama mbele ya watu siku ya Jumapili, akaeleza kama alikuwa amelala au yu macho, na jinsi mahadhi yalivyomjia. Na kanisa likishaitikia amina, wimbo huo huwa si wake tena. Noëlla alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa hilo kwa miaka mingi, na ndiye aliyewatafsiria wageni wa Kiingereza, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupokea kitu. Alikuwa na shahada ya ualimu kutoka Bukavu, akafanya London kazi ya kutunza wazee, na wakati mwingine alijiuliza kama si shahada ile iliyomziba masikio.

Kisha zikaja zile wiki za vita ambazo Goma haikupatikana kwa simu. Mama yake alikuwa kule, na hapakuwa na familia kanisani isiyokuwa na mtu wake kule. Alfajiri moja Noëlla aliota kwaya iliyovaa nyeupe ikiimba huku ikikanyaga chini kwa pamoja. Akaamka na mahadhi yote kichwani, mwanzo hadi mwisho, hata pale sauti za juu zinapoingia. Aliyatilia maneno akiwa bado kitandani: taa yetu haizimiki, upepo na uvume. Siku hiyohiyo simu ikalia. Mama yake alikuwa hai. Jumapili alitoa ushuhuda kwa machozi, na kanisa likaukanyaga wimbo ule mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Miezi ilipita, wimbo ukazidi kupendwa, na kongamano la mwaka lilipokaribia, Pasta Baudouin alitangaza kwamba ndio utakaofungua ibada.

Jumatano ya wiki ya kongamano, Noëlla alikuwa sebuleni mwa nyumba ya wazee, akimnywesha Bi Maureen chai kwa kijiko. Ilikuwa alasiri ya muziki. Mfanyakazi mwenzake Wambui, Mkenya asiyeishiwa na mzaha, alileta santuri za zamani na kuweka moja. Ngoma zikaanza, nzito, za kukanyaga, gitaa likaingia. Na wazee wale, ambao wengine wao hawakumbuki hata majina ya watoto wao, wakafungua vinywa na kuimba wimbo wa Noëlla.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la hasira: nani amewauzia Wazungu wimbo wetu? Hakika kuna kijana wa kwaya aliyeutupa mtandaoni. Kisha akasikiliza maneno. Hayakuwa na taa wala upepo. Yalikuwa habari za Ijumaa jioni na msichana anayengojewa mlangoni mwa dansi. Ila mahadhi yalikuwa yaleyale, hata pale sauti za juu zinapoingia. Bi Maureen alikuwa akipiga sakafu kwa ndara zake za manyoya, macho yamemng'aa. Chai ikamwagikia aproni.

"Wee Noëlla, mbona umekauka hivyo?" Wambui alimwuliza. "Umeona jini?"

"Huu wimbo umetoka lini?"

"Huu? Ni wa kale, mama. Sabini na tatu, imeandikwa hapa." Wambui alimwonyesha jalada: vijana wanne wenye nywele ndefu, unga wa kumetameta mashavuni, viatu vya soli nene kama matofali. "Ulikaa namba moja nchi nzima. Angalia hivyo viatu, mtu akianguka ni hospitali! Lakini si unaujua? Redio ya hapa huupiga kila siku, na wewe huuimba ukimwosha Maureen. Mimi nilidhani unaupenda."

Noëlla alizaliwa mwaka wa sabini na nane.

Jioni, akiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani, alivaa vipokea sauti masikioni na kuutafuta wimbo kwenye simu. Ulitokea mara moja, bila kujificha, umesikilizwa na mamilioni. Yeyote angeweza kuupata. Huenda tayari kuna aliyeupata naye ananyamaza, anangoja siku. Aliziwaza sura za kanisani moja baada ya nyingine, na kila sura ikaanza kufanana na ya mtu anayejua.

Aibu aliiogopa, lakini lilikuwapo jambo aliloliogopa kuliko aibu, nalo halikutamkika kirahisi. Alikuwa mwalimu, alijua kwamba sikio huokota vitu bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na kwamba usingizi huviremba. Basi kama sauti ya alfajiri ile ilikuwa ya redio ya sebuleni, ni nani aliyekuwa akizungumza naye siku zote alizodhani anasemeshwa? Na watu waliouegemea wimbo ule wakati simu za Goma hazishikiki, walikuwa wameegemea nini? Alijaribu kujijibu kwamba Mungu anaweza kutumia hata viatu vya soli nene. Jibu lilikuwa zuri mno, na kwa sababu hiyo hakuliamini.

Ijumaa alifika mazoezini mapema kusudi amwambie Pasta Baudouin peke yake. Alimkuta akipanga viti.

"Papa Pasteur, niko na neno juu ya ule wimbo."

"Na mimi niko na neno juu yake! Sikiliza hii kwanza, dada." Pasta alitoa simu, akaiweka baina yao. Zilisikika sauti nyingi za wanawake, zimepwaya, nyuma yake mtoto akilia, na vishindo vya miguu kwenye udongo. Taa yetu haizimiki. "Ni bamama ba kule kambi ya wakimbizi. Shemeji yangu ndiye alibafundisha. Banaimba kila asubuhi mbele ya kwenda kutafuta maji. Unaona kazi ya Bwana? Haya, sema neno lako."

Noëlla alichukua kiti, akakipanga mstarini.

"Nilitaka kuuliza kama tutaanza kwa sauti ya chini," alisema.

"Hapana! Juu, juu kabisa!" Pasta alicheka, akarudi kwenye viti vyake.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Walikuja kutoka Woolwich, wengine kutoka miji ya mbali, na mbele kabisa aliketi mgeni wa heshima, Bi Pauline, mjane wa Kiingereza anayeshika funguo za ukumbi. Kwa kawaida Bi Pauline hufungua mlango na kwenda zake. Leo kwa mara ya kwanza amebaki. Noëlla alimtazama, akakadiria umri wake: mwaka wa sabini na tatu alikuwa msichana.

Ngoma zilipoanza, Bi Pauline aliinua kichwa. Gitaa likaingia. Mkono wake ukaenda mdomoni. Kisha akasimama, na mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga, sawasawa na wimbo. Pale sauti za juu zinapoingia, yeye aliingia kabla ya kwaya. Watu walishangilia. Shekinah, binti wa Noëlla, aliyekuwa safu ya mbele ya kwaya, alimgeukia mama yake kwa tabasamu la mshangao, na tabasamu likapungua alipouona uso wa mama.

"Mama yetu Mzungu ameguswa!" alipaza Pasta Baudouin wimbo ulipokwisha. "Aje atuambie Bwana amemtendea nini. Mama Shekinah, tafsiri!"

Noëlla alisogea. Bi Pauline alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, machozi yakimlenga.

"Niliucheza wimbo huu nilipokuwa na miaka kumi na mitano," alisema kwa Kiingereza. "Redio ilikuwa ikiupiga bila kuchoka. Ndio uliokuwa ukipigwa siku niliyokutana na mume wangu, Ray. Mwaka juzi nilimzika. Sikudhani kama kuna mtu bado anaujua."

Vijana waliozaliwa London walikwisha elewa, walikuwa wakitazamana. Wakubwa walimngoja mtafsiri, nyuso zimejaa furaha. Palikuwa na nafasi ndogo, ya pumzi moja, ambamo angeweza kusema kwamba mama huyu ameguswa na anashukuru. Sentensi ilikuwa tayari ulimini. Shekinah alikuwa akimtazama.

"Anasema," Noëlla alianza, na sauti yake ikamjia ya mtu mwingine, "anasema aliucheza wimbo huu akiwa msichana. Ulipigwa redioni. Ulikuwa ukipigwa siku aliyokutana na mumewe, marehemu."

Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Mama Shekinah," Pasta alisema polepole, akijaribu kutabasamu, "tafsiri vizuri."

"Nimetafsiri vizuri, Papa Pasteur. Wimbo ni wa Waingereza, tangu mimi sijazaliwa. Nimekuwa nikiusikia kazini bila kujua. Nimejua Jumatano. Ijumaa nilikuja kukuambia, nikaogopa."

Alingoja. Hakujua anangoja nini: kelele, kilio, miguu ikielekea mlangoni. Pasta Baudouin aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu naye kana kwamba mtu amemsukuma. Nyuma mnong'ono ulianza, ukaenda ukipanda. Mtu alisema neno "uongo," na mwingine akamwambia nyamaza.

Ndipo aliposimama Mama Kavira, bibi mwenye watoto watatu Goma, na mmoja wao hajapatikana hadi leo. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Mimi ninauliza tu, mwanangu," alisema. "Sasa tusiuimbe tena?"

Siku zote hizo Noëlla alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Bi Pauline, ambaye hakuelewa kwa nini furaha imepotea ukumbini, alimgusa kiwiko.

"Anasemaje?" alinong'ona. "Nimekosea jambo?"

Noëlla akamgeukia, akamtafsiria swali la Mama Kavira neno kwa neno, akakiweka kipaza sauti mbele ya kinywa cha yule mjane, akangoja jibu.