Tope la Mbayuwayu

Miaka ya tisini, tulipokuwa tunakaa Kawajense, mbayuwayu walikuja na kipupwe. Walikuwa wawili. Asubuhi moja ya baridi ya Juni waliizunguka nyumba yangu ya nyasi mara moja tu, wakaenda zao kwa jirani, kwenye baraza lake la mabati. Huko wakaanza kubandika kiota juu ya boriti.

Jirani alikuwa mjane wa Kisukuma, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Mtu mwema, sikatai, na wema wake ndio ulionichosha. Binti yangu, mtoto pekee niliyekuwa naye, akiamka tu anajitanda khanga na kukimbilia huko kutazama ndege. Jumapili baada ya misa walipanda pamoja vilimani, njia ya kwenda Kabungu, akarudi jioni ananisimulia ndege aliowaona, hondohondo na korongo, kila habari inaanza na "Mama mkubwa kasema", ndivyo alivyomwita jirani. Uji wangu ulikuwa unapoa mezani kila asubuhi. Wivu ulinikaba, na sioni aibu kuusema.

Nikatafuta dawa. Ardhi ilikuwa imekauka, na niliwaona wale ndege wakihangaika kutafuta udongo mbichi. Nikachota maji kisimani, nikayamwaga uani chini ya dirisha, nikakoroga tope zuri ili wajenge kwangu.

Walikuja kweli. Walitua, wakajaza midomo, wakaruka moja kwa moja hadi barazani kwa jirani. Nikasonya. Nimekuwa kibarua wa nyumba ya mwenzangu.

"Mama, wanachota kwetu," binti yangu alisema mlangoni.

Asubuhi ile hakuvuka kwa jirani. Alichuchumaa kando yangu, akanywa uji palepale, akaniuliza dume ni yupi. Sikujua, nikamwonyesha mmoja. Kesho yake akabaki tena. Jirani alituita kutoka barazani kwake, nikajifanya sisikii. Siku hizo nilikwenda kisimani alfajiri kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kiota kilipokamilika, ndege hawakuja tena kuchota. Binti yangu alisimama uani kidogo, akalitazama tope.

"Wameshamaliza, mama," akasema, akavuka kwa jirani.

Kesho yake nilichota maji tena, nikamwaga, nikakoroga, nikakaa kusubiri.