Watu wa Kuzikana

Siku ya kutengeneza jibini kwetu ilianza kwa matusi. Mama Zawadi aliteremka kilima chao na bidoni ya maziwa mgongoni, akavuka kijito, akapanda kwetu, na kabla hajatua mzigo nilikuwa nimeshamuuliza swali langu la kila siku.

"Leo umekamua ng'ombe ao umekamua kijito?"

"Nimekamua ng'ombe. Maji utaweka weye mwenyewe, ulishazoea."

Tulicheka, tukaweka sufuria juu ya moto mdogo. Maziwa yakishaganda tulikata yale mabonge, tukayafunga kwa kitambaa, tukayakandamiza kwa mawe hadi maji yatoke. Maji yalikwenda kwa nguruwe wangu. Fromaji, kama tunavyoiita, ilikwenda Masisi sokoni kwa pikipiki, na dereva hakukosa hata mara moja kusema kwamba moja ilidondoka njiani. Tulijua ilidondokea wapi, maana shavu lake lilikuwa bado limejaa.

Hizo ndizo siku ninazozikumbuka kwanza. Kijiji chetu kilikuwa juu ya njia iendayo Kalembe, na jina lake sitalitaja kwa sababu wapo waliorudi kulima pale. Sitataja kabila langu wala la Mama Zawadi pia. Wanangu wameyasikia makabila hadi wamechoka, na mimi nimechoka kuliko wao. Itoshe kusema kwamba wao walikuwa watu wa ng'ombe, sisi watu wa maharagwe na viazi, na katikati yetu kijito ambacho ungekivuka bila kuvua viatu.

Tulikuwa watu wa kufa na kuzikana. Wengine husema maneno hayo kwa marafiki wa kunywa pamoja, ila sisi tuliyasema kama yalivyo. Mtu wao akifa, sisi tulichimba kaburi. Wetu akifa, walikuja kuchimba wao, kwa sababu mwenye machozi hana nguvu za jembe. Na kulikuwa na sharti moja la kilio ambalo hakuna aliyelibishia: chuma hakiingii uani. Panga, mkuki, hata fimbo ya mchungaji, vyote vililazwa langoni juu ya majani ya migomba, na mukamwana wa nyumba, yaani mke wa mtoto wa kiume, alikaa pale kuvichunga. Mtu aliyefiwa ana hasira na dunia nzima, walisema wakubwa, basi usimwekee panga karibu.

Kisha wezi wa msituni wakaanza kuja. Walichukua mbuzi, wakachukua ng'ombe wa kilima cha pili, wakamchukua mwalimu mmoja ambaye hakurudi. Tulipeleka habari Masisi. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri, wezi wakarudi kabla ya majibu.

Ndipo mume wangu, Papa Riziki, alipoitisha mkutano kanisani baada ya misa. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kuezeka nyumba, na sitaki mtu asome hapa akidhani alipenda damu. Alitaka watoto wetu walale usingizi.

"Serikali iko mbali," alisema. "Wezi iko karibu. Tutafute bunduki, tuchunge kilima yetu. Ni hivyo tu."

Watu walipiga makofi. Papa Anselme, katekista wetu, aliinuka akiwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili.

"Bunduki unaitafuta juu ya muntu wa mbali," alisema, "lakini itapiga muntu wa karibu. Wa mbali haionake. Wa karibu njo inaona kila siku."

"Papa Anselme, wakikuja leo utawasomea Injili?" kijana mmoja aliuliza.

Kicheko kilijaa kanisani. Hata mimi nilicheka. Bunduki zilikuja, sijui kwa njia ipi na sikuuliza. Walipewa vijana wachache, na mume wangu akawa mkubwa wao.

Tena siwezi kuficha: zilitusaidia. Wezi walirudi jioni moja ya mvua, vijana wakapiga risasi hewani, wezi wakakimbia na kuacha hata gunia walilokuja nalo. Usiku huo nililala kama mtoto. Nilimshukuru mume wangu, nikampikia kuku. Anayeniambia leo kwamba bunduki haina faida yoyote, najua hakulala kule.

Baba mkwe alikufa muda mfupi baadaye, kwa uzee, kitandani mwake, kifo ambacho sasa tunakionea wivu. Mimi nilikuwa mukamwana. Nilitandika majani ya migomba langoni, nikakaa kwenye kigoda, wanaume wakawa wanalaza mapanga yao na kunipa pole. Kisha mume wangu akaja na vijana wake, bunduki begani.

Nilisimama. "Papa Riziki, hizi pia zinabaki hapa."

"Panga iko ya kulima," alinijibu, bila ukali. "Hii iko ya kulinda bantu. Tukiiacha inje, nani ataichunga?"

"Miye."

"Weye unajua kuichunga?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani, cha chini. Shangazi wa mume wangu alinishika bega. "Mukamwana, acha wapite. Mufu anangoja." Nami nikasogea, wakapita.

Nyuma yao alikuwa Papa Zawadi, mume wa rafiki yangu, na jembe la kuchimbia na fimbo yake ya kuchungia, nyeusi kwa mafuta ya mikono. Alikuwa ameona yote. Alilaza jembe na fimbo juu ya majani kama alivyofanya miaka yote, kisha akabaki ameinama.

"Mukamwana," aliniuliza, "fimbo yangu inabaki inje, na zile zinaingia?"

Hadi leo natafuta jibu ambalo ningempa, na kila ninalolipata naliona halina maana.

Alichimba kaburi na wenzake kama desturi. Hawakukaa kunywa. Mama Zawadi alibaki peke yake, tukaosha sufuria pamoja, naye hakunitania hata kidogo.

"Bwana yangu hatarudia kwa kilio yenu," alisema alipokuwa akijifunga kitenge ili aondoke. "Haiko kasirani. Aliogopa. Ile ya kuogopa njo mubaya."

Msiba uliofuata ulikuwa wao. Mama yake Papa Zawadi, bibi aliyenifundisha mimi kujua jibini iliyoiva kwa kuigonga kwa kidole, alifariki. Walituletea habari kwa heshima zote: njooni kuchimba, lakini njooni mikono mitupu. Vijana wetu wakasema hawavuki kijito bila bunduki, maana nao wale, inasemekana, wameshauza ng'ombe na kutafuta zao. Inasemekana! Neno hilo limeua watu wengi katika milima yetu. Papa Anselme aliwaomba, mume wangu akasema wale waonyeshe kwanza kwamba hawana. Mchana ulipita hivyo, tukibishana nani aanze, na ng'ambo tukasikia wanawake wakilia na majembe yakigonga mawe. Walichimba wenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda, nami nikiwemo, maana mume wangu alisimama njiani.

Tangu siku hiyo maziwa hayakuja. Kama hawakuwa na bunduki, walizipata. Nguruwe wangu walipiga kelele siku kadhaa wakidai maji ya jibini, kisha nao wakazoea.

Kumwua mtu uliyemchimbia baba yake kaburi ni kazi ngumu. Tulipoacha kuzikana, ugumu huo uliondoka, na hatukuona ulipoondoka.

Ilianza na ng'ombe waliopotea. Vijana wa ng'ambo walivuka kuwatafuta, vijana wetu wakadhani wamevamiwa, na mchungaji mmoja akapigwa risasi kando ya kijito. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na kamba ya ndama.

Kesho yake walikuja.

Nilikuwa nikifunga maharagwe kwenye gunia. Nilisikia mlio mmoja, halafu mingi.

Mume wangu aliingia mbio. "Beba batoto. Pita njia ya musitu, usipite barabara. Nitawafuata."

"Na weye?"

"Nitawafuata, Mama Riziki."

Riziki, mwanangu wa kwanza, alishika mkono wa mdogo wake. Mimi nilishika sufuria, sijui kwa nini sufuria.

Nyumba ya Papa Anselme ilikuwa inawaka. Tulipita nyuma yake.

Hatukugeuka.

Tulifika Kalembe, tukaambiwa hapafai, tukaendelea na msafara wa watu hadi Walikale. Msitu wa kule ulinitisha kuliko bunduki, mimi niliyezoea kuona kilima baada ya kilima. Niliwauzia maharagwe yaliyopikwa vijana waliopita kwenda kuchimba madini. Kila mtu aliyetoka Masisi nilimuuliza. Mmoja, mwishowe, aliniambia alimwona Papa Riziki ameanguka karibu na kijito, lakini alikuwa anakimbia na hakusimama. Nilimlilia mume bila kaburi. Sitamani hilo limpate mtu yeyote, hata aliyemwua.

Riziki alikua kule. Alipoota ndevu aliniambia anaingia kwenye kundi la kulinda watu wetu. Alitumia neno lilelile la baba yake, kulinda. Nilimkatalia, nikalia, nikamnyima hata chakula siku aliyoondoka. Aliondoka na njaa. Hiyo nayo inaniuma.

Sasa nimerudi, ninaishi Masisi kwa mdogo wake Riziki, karibu na soko. Majuzi palikuwa na mkutano katika sale, yaani ukumbi wa parokia, kuhusu kurudisha silaha. Kijana mtanashati mwenye mikrofoni alieleza vizuri sana: atakayeleta bunduki atasaidiwa mbegu na kazi. Watu wakaanza kubishana. Wale watoe kwanza. Hapana, ninyi mtoe kwanza. Na siku wezi wakirudi, mbegu zitawapiga? Nilihisi nimeketi tena kanisani kwetu. Kila aliyesema alikuwa na sababu, na kila sababu nilikuwa nimeizika mara moja.

Nikatoka nje kupata hewa. Kando ya mlango, imeegemezwa ukutani, palikuwa na fimbo nyeusi kwa mafuta ya mikono.

Nilisimama karibu nayo hadi mwenyewe alipotoka. Papa Zawadi amezeeka, ananitazama kwa jicho moja. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti.

"Mukamwana," alisema. "Bado unachunga fimbo."

Tuliketi kwenye ngazi. Sikuuliza, alisema mwenyewe. Siku ile, milio ilipotulia, mke wake alivuka kijito na jembe. Watu wake walimkataza, mmoja akamsukuma. Aliwaambia, "Huyu ni bwana ya rafiki yangu. Tulikuwaka tunazikana." Alimkuta Papa Riziki majini, akamvuta peke yake, na mumewe akaona aibu, akamfuata. Walimfunga kwa kitenge chake Mama Zawadi. Walimzika nyuma ya kibanda changu cha jibini, ili nikirudi nisisumbuke kutafuta.

Nililia pale kwenye ngazi kama siku ya kwanza. Nilipoweza kusema nikamuuliza Mama Zawadi yuko wapi.

Nao walikimbia baadaye, alisema, vita vilipogeuka. Mama Zawadi alishikwa na homa katika kambi ya wakimbizi upande wa Goma. Alizikwa na watu waliokuwa na haraka. Kambi ilikuja kuvunjwa, mahema yakaondolewa, na aliporudi kutafuta hakuona hata jiwe la kumwonyesha mahali.

"Kilio yake hatukufanyaka," alisema.

"Tutafanya," nilisema.

Tulikwenda kule kilimani, nyuma ya kibanda ambacho sasa ni kuta tu, penye kaburi la mume wangu. Tulisema tutamlilia Mama Zawadi hapohapo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelichimba. Tulituma habari pande zote mbili: njooni, mikono mitupu. Nilitandika majani ya migomba mahali palipokuwa lango. Papa Zawadi akalaza fimbo yake, akaketi ndani. Walikuja wanawake wachache, wa kwao na wa kwetu, wakaketi mbali mbali. Mwanamume mwingine hakuja.

Mchana simu yangu ililia. Alikuwa Riziki. Yuko barabarani, chini tu ya kilima, amesikia habari na anataka kuona kaburi la baba yake.

"Kuja, mutoto wangu," nilisema. "Kuja."

"Mama, niko nayo. Wenzangu hawaniruhusu niiache. Wakikuta nimeiacha wananiua."

Nilitazama fimbo juu ya majani. Nilimtazama mzee aliyeketi na wanawake wa pande mbili ambao walikuwa wameanza, polepole, kusogeleana. Mwanangu nilikuwa sijamwona tangu alipoondoka na njaa.

"Basi usikuje," nilisema.

Nilisikia pikipiki ikiwashwa, kisha simu ikakatika, nami nikarudi kuketi langoni.